Kiwanja cha kwanza Biharwe: Mpaka unaorudi ofisi ya ardhi

MAMA mfanyabiashara kutoka Bukoba, Kigali au Ngozi anayevusha bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hana haja ya kuhangaika na rundo la makaratasi. Mzigo wake ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani kinamwondolea ushuru wa forodha.

Lakini mama huyo huyo, akichoka kulipa kodi ya nyumba Mbarara na kuamua kununua kiwanja chake cha kwanza Biharwe, atagundua kwamba mpaka aliodhani ameuacha nyuma unamsubiri ofisi ya ardhi. Huko hakuna cheti rahisi. Asipoujua mpaka huo kabla ya kutoa fedha, anaweza kupoteza mtaji wa miaka mingi kwa saini moja.

Biharwe iko mashariki mwa katikati ya Mbarara, umbali wa takriban kilomita 12, kwenye barabara kuu ya kwenda Masaka na Kampala. Wasafiri wengi wanaifahamu kwa sababu ya Kituo cha Utamaduni cha Igongo, na mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, tukio linalohusishwa na vita vya wafalme wa Bunyoro na Nkore. Kwa vizazi vingi, milima hii ilikuwa ya malisho ya ng'ombe na mashamba ya migomba. Mbarara ilipopanda hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, Biharwe ilikuwa ndani ya mipaka yake, na leo malisho yanakatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, kipimo ambacho kila dalali wa Uganda anakijua kwa kichwa.

Kwa mtu wa biashara, mvuto wake unaeleweka. Barabara inayopita hapo ni sehemu ya Ukanda wa Kaskazini, njia inayobeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi Rwanda na kwingineko. Mabasi ya Kampala yanapita mlangoni. Kiwanja mbali na katikati ya mji kwa kawaida ni nafuu kuliko kilichoko karibu na soko, na maneno ya dalali ni yale yale: "Dakika 20 tu uko mjini."

Swali ambalo dalali haulizi ni hili: mnunuzi anakwenda mjini kufanya nini, na akitoka hapo anakwenda wapi?

Njia ya biashara kwanza

Mwenye duka Mbarara anayenunua mzigo Kampala ana sababu nzuri ya kukaa Biharwe. Barabara yake ni moja, na yuko upande ule ule unakotoka mzigo.

Hali ni tofauti kwa anayewauzia wakazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, na safari ya kawaida ya abiria hupitia mjini kisha barabara ya Isingiro. Anayeishi Biharwe huanza kwa kwenda magharibi hadi mjini, hubadilisha taksi, kama matatu zinavyoitwa Uganda, ndipo aanze safari yenyewe. Jioni hurudia yote hayo akiwa amechoka na amebeba fedha za mauzo. Kwa mtu huyo, kiwanja kilichoko kwenye barabara ya Isingiro, upande wa Kaberebere au Kabingo, kinaweza kuwa mbali zaidi na Mbarara lakini karibu zaidi na riziki yake. Barabara hiyo hiyo ndiyo inayokwenda Kikagati, ng'ambo ya Murongo na Karagwe nchini Tanzania.

Naye anayefanya biashara kupitia Mirama Hills au Katuna kuelekea Rwanda hutokea kusini-magharibi mwa mji, upande wa Ruti. Akijenga Biharwe, kila safari ya mpakani itamlazimu kuuvuka mji wote, au kuuzunguka kwa barabara ya mchepuko.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kiwanja cha bei nafuu kinamwongezea mtu shilingi 10,000 za Uganda za nauli kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 24 za kazi, hiyo ni shilingi 240,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 2,880,000. Katika miaka 10 atakuwa amelipa shilingi 28,800,000 barabarani, kabla ya kuhesabu saa alizopoteza na boda boda ya kutoka barabara kuu hadi nyumbani usiku wa mvua. Fedha hizo ziwekwe kwenye mizani pamoja na bei ya kiwanja. Bei hulipwa mara moja, nauli hulipwa kila siku.

Sheria inasemaje kwa mgeni

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ilifungua milango ya bidhaa, huduma, mitaji, wafanyakazi na haki ya kuanzisha biashara. Kuhusu ardhi, nchi wanachama zilijizuia. Ibara ya 15 inasema matumizi ya ardhi na majengo yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kujiunga kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 hakukubadilisha neno hilo.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema ardhi ni mali ya raia wa Uganda, na inatambua mifumo minne ya umiliki: wa kimila, milki huru, mailo na lizi, yaani kukodi kwa miaka maalumu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamruhusu asiye raia kupata lizi tu, isiyozidi miaka 99, na lizi yake ya miaka 5 au zaidi ni lazima isajiliwe. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ziko mikononi mwa wageni nayo huhesabiwa kuwa mgeni.

Uganda haiko peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inampa mgeni lizi isiyozidi miaka 99. Tanzania ni kali zaidi: asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Kongo, kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ni ya Serikali, na haki ya kudumu ya kuitumia huwekewa Wakongo wenyewe.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa kigeni anayeambiwa Biharwe kwamba anauziwa "milki huru" na "hati itatoka kwa jina lako" anapaswa kusimama hapo hapo. Anachoweza kupata kihalali ni lizi kutoka kwa mwenye ardhi au kutoka bodi ya ardhi. Na lizi nayo ina maswali yake. Bodi nyingi hutoa kwanza miaka 5, muda wa kuonyesha kwamba mtu amejenga, kisha huongeza hadi 49. Anayenunua nyumba ya mtu mwingine yenye lizi hanunui miaka yote ya mwanzo, ananunua iliyobaki. Lizi ya miaka 49 iliyoanza 1990 inaisha 2039, hata kama nyumba imepakwa rangi jana.

Nakivale: shamba la kutumia, si la kuuza

Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na kutambuliwa rasmi kama makazi mwaka 1960. Leo inakaliwa na Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha kuu za soko. Wapo waliofika na nguo za mwilini tu na sasa wana maduka, vinu vya kusaga na mtaji wa kutosha kufikiria nyumba.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Lakini kiwanja ambacho mkimbizi amepewa ndani ya makazi ni cha kutumia. Kanuni za mwaka 2010 zinamkataza kukiuza, kukikodisha au kukihamishia kwa mtu mwingine. Anayenunua nyumba Nakivale kutoka kwa jirani anayehama ananunua matofali na mabati, hanunui ardhi, na siku Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi hayo, itakapokihitaji kiwanja, mkataba wa karatasi ya daftari hautamsaidia.

Nje ya makazi, mkimbizi huhesabiwa kama mgeni mwingine yeyote. Anaweza kupata lizi Biharwe au Kabingo, iliyoandikwa kwa jina lake na kusajiliwa. Kabla ya hapo ajiulize kama kuhama kutaathiri msaada na huduma anazopata kambini, na ruhusa za safari.

Jina la kuazima

Kwa sababu ya vizuizi hivyo, umezuka mtindo wa kununua kwa jina la rafiki, mkwe au mshirika ambaye ni raia. Ndio mtego mkubwa kuliko yote. Mbele ya sheria, mwenye ardhi ni yule aliyeandikwa. Akifariki, ardhi inaingia kwenye mirathi yake. Akikopa benki, inaweza kuwa dhamana. Mkigombana, mgeni atalazimika kwenda mahakamani kueleza kwa nini alificha jina lake. Lizi ya miaka 30 kwa jina lako ni salama kuliko milki huru kwa jina la mwingine.

Mali bila daftari huisha bila habari

Raia na mgeni wote wanapaswa kufanya kazi hii kabla ya kulipa. Kama ardhi ina hati, upekuzi ufanywe ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi iliyoko Mbarara, kuona jina la mwenyewe na kama kuna mkopo au zuio. Kama ni ya kimila, majirani wa pande zote waitwe, mwenyekiti wa LC1 awepo, na mpimaji mwenye leseni apime kwa gharama ya mnunuzi. Mhuri wa mwenyekiti ni ushahidi wa mauziano, si hati miliki.

Mke au mume wa muuzaji atie saini. Sheria inataka mwenzi aridhie kabla ya ardhi ya familia kuuzwa, na mauzo yaliyofanywa kimya kimya yanaweza kubatilishwa. Vivyo hivyo kwa wanunuzi: mama anayechangia fedha za soko aone jina lake kwenye karatasi.

Ardhi yenyewe itembelewe wakati wa mvua. Mabonde yanayopeleka maji mto Rwizi huonekana makavu na tambarare Julai, lakini ardhi oevu inalindwa na sheria na nyumba iliyojengwa humo inaweza kubomolewa. Kiwanja kinachogusa barabara kuu kipimwe nje ya hifadhi ya barabara. Na kwa kuwa Biharwe sasa ni jiji, ramani ya nyumba inahitaji kibali kabla ya jiwe la msingi. Nguzo ya umeme na bomba la maji vilivyo karibu viulizwe kwa mashirika yenyewe, si kwa dalali.

Bajeti nayo iwe na nafasi ya ushuru wa stempu, ambao kwa uhamisho wa ardhi ni asilimia 1.5 ya thamani, pamoja na wakili, mpimaji na usajili. Asiyebakiza fedha hizi huishia na kiwanja kisicho na karatasi.

Wapo ambao, baada ya hesabu yote, wataona bora waendelee kupanga kwa mkataba wa miaka michache huku mtaji ukizunguka. Huo nao ni uamuzi halali. Na kwa wanaonunua, mpangilio ni huu: kwanza ujue sheria inakuita nani, raia au mgeni, pili, uchore njia ya biashara yako kutoka stoo hadi mpakani, tatu, ukague karatasi. Bei ya dalali isikilizwe baada ya hayo matatu.