Kasri Lenye Ghala Uani

Sisi mawakala wa forodha wa Tunduma tunaishi kwa mizigo ya wengine. Shaba ya Zambia na Kongo haichimbwi hapa wala haiuzwi hapa, ila nyumba nyingi za mji huu, yangu ikiwemo, zimesimama kwa hela ya foleni ile ya malori ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana nilipofika kasri la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, niliviacha kwanza vyumba vya sultani nikaenda kwenye ua wa kusini.

Ua huo ni mpana, umezungukwa na vyumba vyembamba ambavyo watafiti wanaona vilikuwa vya kuhifadhia bidhaa. Mwenye kasri, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, alitawala mwanzoni mwa karne ya 14, Kilwa ilipokuwa imeshika njia ya dhahabu iliyotoka nyanda za Zimbabwe kupitia bandari ya Sofala. Dhahabu hiyo nayo ilikuwa ya kupita. Sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Huko Venice, Italia, matajiri wa zama hizo walijenga vivyo hivyo kando ya mifereji: mzigo chini, familia juu. Al-Hasan hakuwa na mfereji, alikuwa na bahari. Kasri lake limekaa juu ya jabali, na ngazi zinateremka hadi majini.

Upande wa makazi ndiko mafundi walikojimwaga. Kuna birika la kuogea lenye pande 8, ua wa baraza wenye ngazi za kukalia, na mapaa yaliyojengwa kwa kuba. Sisi huku mkoani Songwe tunachoma tofali. Wao walichoma matumbawe kupata chokaa, na matumbawe laini waliyakata baharini, wakayachonga nakshi yakiwa bado mabichi, kabla hayajakauka na kuwa magumu. Vyumba vya paa bapa ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali. Vyumba vyote vinapita 100.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamsifu sana sultani kwa ukarimu. Kuhusu kasri, kimya! Pengine hakupelekwa, mimi hilo linanishangaza mpaka leo. Jengo lenyewe halikumalizika, na lilikaliwa kwa muda mfupi tu. Mwanaakiolojia Neville Chittick ndiye aliyelifukua, miaka ya 1960.

UNESCO iliorodhesha magofu ya Kilwa na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya hatari mwaka 2004, na kuyatoa 2014.

Ukienda, kata kibali Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, na mwambie nahodha mapema kwamba unataka Husuni Kubwa. Iko mashariki, mbali na Msikiti Mkuu, usije ukarudi bila kuifikia.