HarmonyOS: Jina Moja, Mifumo Miwili

Mei 2019 Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni zisizouziwa teknolojia yake bila kibali, na wengi wakadhani imenyang'anywa Android. La hasha. Msingi wa Android ni programu huria. Yeyote anaweza kuuchukua. Kilichozuiwa kwa simu zake mpya ni huduma za Google zinazokaa juu ya msingi huo: duka la Play, Gmail, ramani, na mitambo ya nyuma ya pazia ambayo mtumiaji haioni.

Hiyo mitambo ndiyo yenye kazi. Programu ya kuita teksi, kwa mfano, mara nyingi haichori ramani yenyewe; huiomba Google. Hata arifa kwamba dereva amefika hupitia Google. Isakinishe kwenye simu isiyo na huduma hizo: huenda ikafunguka vizuri, ikakuomba namba, kisha ikakuonyesha kijivu kitupu pale ramani ilipotakiwa kuwa. Baadhi ya programu za benki hugoma kabisa, kwa kuwa huitegemea Google kuthibitisha kwamba simu haijachezewa. Ukituma pesa kwa menyu ya namba kama *150*00# huna wasiwasi: menyu ile hutoka kwenye mtandao wa simu, mfumo endeshi hauhusiki.

Mfumo wa Huawei yenyewe, HarmonyOS, ulitangazwa Agosti 2019, ukaanzia kwenye televisheni, na Juni 2021 ukaingia kwenye simu. Matoleo hayo yaliendelea kubeba msimbo wa Android na kufungua faili za APK, yaani zile za kusakinisha programu za Android. Waliosema ni Android iliyovalishwa kanzu mpya hawakukosea sana.

Mfumo mpya hasa ni HarmonyOS NEXT, toleo la 5, uliozinduliwa Oktoba 2024. Humo Android imeondolewa, na kiini, sehemu ya ndani kabisa inayotawala simu, si Linux tena. Kwenye Linux, viendeshi vya vifaa kama Wi-Fi hukaa ndani ya kiini. Kimoja kikikorofisha, simu nzima inaweza kuanguka. Kiini cha Huawei, Hongmeng, ni kidogo, na huduma nyingi zimetengwa nje yake. Usalama unaongezeka, ila huduma zilizotengwa hupoteza muda kila zinapowasiliana, hivyo Huawei imelegeza utengano kwa baadhi yake ili simu isizorote.

Kwa uhandisi, naupa alama nzuri. Lakini Windows Phone nayo ilikuwa nyepesi na safi, ikafa kwa kukosa programu. iOS na Android zilishawavuta watengenezaji wa programu. Huawei ina bahati ya kuwa na soko la China, ambako huduma za Google hazikuwapo tangu zamani na WeChat ndiyo inayobeba maisha ya kila siku. Mchina akihamia HarmonyOS 5 hapotezi Google. Wa Mombasa je?

Simu ambazo Huawei huuza rasmi nje ya China hutumia EMUI, ambayo bado ni Android, bila Google. Tatizo ni simu ya toleo la China inayoletwa kwenye begi kutoka Guangzhou. Kabla ya kulipa, fungua mipangilio utazame namba ya toleo. Ikiwa 4, APK zitasakinika. Ikiwa 5 au zaidi, hazisakiniki. Zipo programu za daraja kama Zhuoyitong zinazoendesha baadhi ya programu za Android, lakini muuzaji akufungulie ile ya benki yako mbele ya macho yako kwanza.