Kudiss: neno lililoacha heshima nyuma

Ukishuka Busia ama Malaba, sikiliza vile abiria wanaita wale jamaa wa pikipiki. "Wewe boda, kuja hapa!" Mtu mzima, pengine baba ya watoto wanne, anaitwa kwa kidole. Akinuna, unashangaa: kwani nimemdiss?

Hebu tuliangalie hilo neno. Limetoka kwa Kiingereza, disrespect, yaani kutoheshimu. Wajamaika na Wamarekani weusi walilikata wakabaki na kipande cha mbele, na kufikia miaka ya 1980 marapa wa New York walikuwa nalo mdomoni. Mwaka 1984 kundi la UTFO lilitoa wimbo wa kumsema Roxanne, msichana aliyewaringia. Roxanne Shanté, binti wa miaka 14 kutoka Queensbridge, akawajibu na wimbo wake, na wengine wengi wakaingilia ugomvi. Sasa ona kilichotupwa: respect. Ni kama uchukue "kutoheshimu", utoe heshima yote, ubaki na "kuto".

Kwetu neno lilipata kazi ya ziada. Ukimkatia msichana akatae, amekudiss. Hapo hakuna tusi, umenyimwa tu (pole). Lakini ndiyo sababu linasikika jepesi. Ukisema "nimemdiss kidogo", maboyz wanacheka. Sema "nimemdharau" uone kama watacheka.

"Boda" nalo ni la hapa hapa mpakani. Miaka ya 1960 na 1970, watu wa baiskeli walikuwa wakivusha abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita "boda! boda!", yaani mpaka. Upande wa Busia huo mwendo ulizidi nusu kilomita, na ukiwa na gunia ungelipa tu. Siku hizi kuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, na baiskeli nyingi zimepisha pikipiki. Neno nalo lilishafika Kampala, Nairobi na mbali zaidi.

Kwa hivyo "boda" si tusi. Kwa steji wenyewe wanaitana hivyo kutwa nzima bila kununiana. Kinachouma ni hicho kidole, na salamu uliyoruka. Kesho jaribu "habari ya kazi, mkubwa" kabla hujauliza bei. Huenda hata akakupunguzia.