Wanyama wenye pua kama mwanzi

Tukimtazama kuku vizuri, tunaona matundu mawili madogo juu ya mdomo wake. Ndiyo pua yake, wala hana nyingine. Lakini kuna ndege wa bahari ambao matundu hayo yametokeza nje na kufanyika mwanzi mgumu, uliolala juu ya mdomo. Katika jamaa hiyo mna albatrosi, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yaweza kufika metri 3 na nusu. Mna na petreli wa tufani, mdogo kama mbayuwayu. Kwa albatrosi mianzi ni miwili, mmoja kila upande wa mdomo. Kwa petreli imeungana juu. Wengi husema jina petreli limetoka kwa Mtakatifu Petro, kwa sababu ndege hao hupigapiga miguu juu ya maji kana kwamba wanatembea.

Popo nao wako wenye pua ya namna hiyo, ingawa si ndugu wa ndege hao hata kidogo. Wanakaa Guinea Mpya na kaskazini-mashariki ya Australia, wanakula tini za mwituni, na puani mwao mianzi miwili inaelekea kuume na kushoto. Wengine, wanaokula wadudu, wako Asia. Popo wetu wa Afrika hawana. Wataalamu hawajapatana juu ya kazi ya mianzi ya popo; tuwaache, turudi kwa ndege.

Kwanza habari ya chumvi. Msomaji aliyefika Moanda na kuonja maji ya bahari anajua ladha yake: katika litri 1 mna karibu gramu 35 za chumvi. Figo zetu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kiasi hicho. Basi mtu akinywa litri 1 ya maji ya bahari, mwili wake lazima utoe zaidi ya litri 1 ili kuiondoa chumvi ile. Ndiyo sababu mabaharia waliopotea walikufa kwa kiu katikati ya maji. Figo za ndege ni dhaifu kuliko zetu. Walakini albatrosi hukaa baharini miezi mingi bila kuona mto. Anaishi ginsi gani? Mwaka 1958 mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walieleza kwamba ndege wa bahari wana tezi juu ya macho, inayovuta chumvi katika damu na kuimwaga puani, kama maji yenye chumvi kupita bahari yenyewe. Ndege wengine wa bahari wanayo tezi hiyo pia, lakini petreli hurusha maji yale kwa nguvu kupitia mwanzi wake, kama mtoto anayepuliza maji kwa mrija.

Pili, kunusa. Zamani vitabu vingi vilifundisha kwamba ndege hawanusi, ao wananusa kidogo tu. Mwaka 1995 Gabrielle Nevitt na wenzake walionyesha kwamba petreli wengine hufuata harufu ya gazi moja yenye sulfuri. Gazi hiyo hutoka katika majani madogo sana ya bahari yanapoliwa na krili, vijidudu mfano wa kamba. Palipo na harufu pana chakula. Mwaka 2013 wataalamu wengine walitangaza habari za ndege wa jamaa hii waliotolewa visiwani Azores: wale waliozimwa kunusa walizungukazunguka baharini, na wenzao walirudi moja kwa moja. Tukumbuke na yule ndege wa kisiwa cha Skokholm, karibu na Wales, aliyepelekwa Boston kwa ndege ya abiria mwaka 1952. Alivuka Atlantiki akarudi shimoni mwake kwa siku 12 na nusu.

Lakini pua hiyo hiyo sasa inawadanganya. Plastiki ikielea baharini wiki chache, majani yale madogo huota juu yake, nayo huanza kutoa gazi ile ile. Ndivyo ilivyoonekana katika uchunguzi wa mwaka 2016. Ndege anainusa, anashuka, anaimeza. Kisha anarudi kisiwani na kumtapikia mtoto wake wa pekee, kwa maana jamaa yote hii hutaga yai moja tu.