Fedha ya Chuo Kikuu: Zawadi, Deni, au Ahadi Tu?

Mtu atokaye Bukavu kwenda Katana, akiisha kupita Kavumu, huacha barabara ya ziwa na kupinda mkono wa kushoto kuelekea milima ya Kahuzi. Ndipo ayaonapo majumba makubwa ya Lwiro. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha IRSAC, taasisi ya uchunguzi wa elimu katika Afrika ya Kati, na Lwiro ikawa makao yake makuu. Leo ni Kituo cha Utafiti wa Elimu ya Maumbile, CRSN. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Bukavu wamezoea kuja huko kufanya mazoezi ya kazi na kukusanya habari za kuandikia kitabu chao cha mwisho wa masomo. Na watoto wa wakulima wa jirani, wanaokwenda shule wakipita karibu na majumba hayo, hutamani kuingia siku moja, nao wamevaa koti jeupe.

Tamaa hiyo ni njema. Lakini baina ya diploma ya taifa na koti jeupe pana miaka mitano: mitatu ya shahada ya kwanza na miwili ya shahada ya pili, kwa utaratibu ulioenea katika vyuo vya Kongo tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022. Kila mwaka una minervali yake, yaani ada ya masomo. Nani ataitoa? Hapo wazazi hujibu: “Tutatafuta msaada.” Na neno hilo moja, msaada, ndilo linalowaponza, kwa sababu limefunika mambo matatu yasiyofanana: fedha usiyorudisha, fedha utakayorudisha, na fedha iliyo mdomoni tu.

Wazee wetu hawakuwa na taabu hii. Chuo Kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, wanafunzi walikuwa wachache sana, na hata siku ya Uhuru mwaka 1960 Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Serikali iliwahitaji, ikawalipia. Hiyo ndiyo bursi ya zamani: chumba, chakula, na kitu kidogo mfukoni. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ilikuwa asali tupu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana, na moja ya madai yao ilikuwa nyongeza ya bursi. Askari wakawapiga risasi, na vijana wengi wakafa. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa kimoja chini ya serikali. Kisha katika miaka ya 1980 na 1990 hazina ya nchi ilianguka, na bursi ikadhoofika hata kwa familia nyingi ikabaki jina. Mzigo ulihamia mabegani mwa wazazi. Babu aliyesoma bure asimlaumu mjukuu wake kwamba hana bidii. Mjukuu hakuikuta ile meza iliyoandaliwa.

Je, leo hakuna bursi kabisa? Zipo. Mfuko wa Denise Nyakeru Tshisekedi una mpango uitwao Excellentia, unaochagua vijana waliopata alama za juu kabisa katika mtihani wa taifa. BEBUC, iliyoanzishwa na profesa wa Chuo Kikuu cha Würzburg huko Ujerumani pamoja na wenzake Wakongo, huwatafuta vijana wenye akili nyingi na kuwafuata mwaka kwa mwaka, anayelegea huachwa. Wabelgiji nao wana ARES na VLIR-UOS, lakini bursi zao kwa sehemu kubwa ni za watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza. Mzazi anayeingoja ARES kwa ajili ya mtoto aliyemaliza sekondari juzi, huyo angoja mvua ya kiangazi.

Barua ya bursi ikifika nyumbani, watu hupiga vigelegele na kuchinja kuku. Vema, lakini isomwe kwanza. Yalipa minervali peke yake, au na nyumba, na chakula, na vitabu? Ni ya mwaka mmoja au hadi mwisho? Mtoto akishindwa mtihani mara moja, yakatika? Fedha yaja kwa mwanafunzi au yapelekwa chuoni? Tena, mazoezi ya kazi na uchapaji wa kitabu cha mwisho vina gharama zake, na gharama hizo huja mwaka wa mwisho, wakati mfuko wa baba umekwisha kutoboka. Tumewajua wazazi waliouza shamba la muhogo ili kulipa mwaka wa kwanza, wakitumaini kwamba bursi fulani itashika mwaka wa pili. Haikushika. Shamba limekwenda, na kijana amerudi nyumbani. Na mtu anayewataka mmtumie dola 50 kwa simu “ili kufungua faili”, huyo hana bursi ya kumpa mtu, mwiteni mwizi.

Sasa deni. Majirani zetu wa Tanzania wana Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mwanafunzi hukopeshwa na serikali. Akiisha kupata kazi ya mshahara hukatwa 15 kwa mia ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Mwenye shilingi 800,000 hutoa 120,000. Zamani deni liliongezwa 6 kwa mia kila mwaka ili thamani yake isipungue. Mwaka 2021 nyongeza hiyo ilifutwa, na wadeni wakapumua. Kenya nayo ina bodi yake tangu 1995. Twasimulia hayo kusudi wazazi waone jinsi mkopo wa masomo ulivyo ukiwekwa sawa: hungoja mtoto apate kazi, nao una kipimo kinachojulikana.

Lakini mkopo ambao familia nyingi za Bukavu na Kabare huujua ni ule ambao watu huuita Banki Lambert. Si benki ile ya Ubelgiji iliyokuwa na jina hilo, hasha. Ni mtu wa mtaani mwenye daftari. Tarehe ya mwisho ya minervali ikikaribia, naye mwanafunzi hawezi kuingia mtihani bila kumaliza kulipa, mama humkimbilia huyo. Hutoza 30 kwa mia, pengine 50, si kwa mwaka bali kwa mwezi. Hebu tuhesabu. Mama akope dola 100 kwa 30 kwa mia asiweze kulipa kitu: mwezi wa kwanza deni ni 130, wa pili 169, wa tatu karibu 220, na wa sita 483. Ng'ombe amekwenda, na minervali ya mwakani haijaguswa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamkataza mkopeshaji kumtoza maskini riba; na wako wenye madaftari hayo wanaokaa mstari wa mbele kanisani siku ya Dominika. Twalisema hilo bila kuogopa.

Mabenki ya Bukavu yalipofunga milango, vita vilipofika mjini Februari 2025, wengi waliona jinsi ilivyo vigumu hata kutuma fedha iliyo yako mwenyewe. Wanaolipa kwa simu wasifute ujumbe wa malipo, na waombe risiti ya chuo yenye muhuri; bila karatasi hiyo mtoto aweza kudaiwa mara ya pili.

Ila iko fedha nyingine, iliyo karibu kuliko Ulaya. Akina mama wetu hukusanyika katika muziki, kila mmoja akitoa kiasi kile kile na kupokea jumla kwa zamu. Kwa kawaida zamu hupangwa kwa kura, na fedha ikatoka mwezi usio na haja nayo. Mama mwenye mwanafunzi na aombe mapema, kikundi kinapoanza, zamu yake iangukie Oktoba au Novemba, malipo ya kwanza yanapodaiwa. Wenzake watakubali, wao nao wana watoto.