Timu zetu zijifunze kulinda bao bila kujifungia golini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotukera sisi wapenzi wa kandanda wa Mkoa wa Mwanza. Jambo lenyewe ni tabia ya timu zetu kugeuka katikati ya mchezo. Timu inaanza kwa kushambulia kama nyuki waliochokozwa, lakini ikishapata bao wachezaji wote wanarudi golini kama vifaranga walioona mwewe. Mwisho wake sote tunaujua.

Watazamaji wengi hutoka Uwanja wa CCM Kirumba wakilalamika kuwa vijana wameingiwa na woga, na wengine husema wamenunuliwa. Mimi sikubaliani nao. Vijana wetu hawajafundishwa. Wanajua michezo miwili tu: kwenda wote au kurudi wote. Mchezo wa tatu, yaani kulinda huku unamtishia mwenzako na kushambulia huku nyuma kumefungwa, hawaujui. Na huo ndio mpira wenyewe.

Nitoe mfano wa Mbao FC ya hapa kwetu. Tarehe 10 Aprili, 2017, Mbao ilikuwa inaiongoza Simba kwa mabao 2-0 hapo Kirumba, zikiwa zimebaki kama dakika kumi tu mchezo umalizike. Katika muda huo mfupi Simba ikafunga mara tatu na kuondoka na ushindi wa 3-2. Siku ishirini baadaye, tarehe 30 Aprili, kwenye uwanja huo huo, Mbao ikaitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho kwa bao 1-0, nalo lilikuwa la beki wa Yanga aliyejifunga. Tarehe 27 Mei ikacheza fainali na Simba mjini Dodoma. Hadi dakika 90 hapakuwa na bao, na Mbao ikafungwa 2-1 katika muda wa nyongeza, bao la mwisho likiwa la penalti.

Je, timu iliyofika hapo tuiite ya waoga? Iliweza kulinda bao moja dhidi ya Yanga, ikashindwa kulinda mawili dhidi ya Simba. Uwezo wa kulinda ulikuwapo. Kilichokosekana ni uhakika wa kuufanya kila mara, na uhakika wa namna hiyo hupatikana kwa mafunzo ya muda mrefu. Mwaka 2020 Mbao ilishuka daraja baada ya kutolewa na Ihefu katika mechi za mchujo, kwa hesabu ya mabao ya ugenini.

Ndugu Mhariri, tuangalie kinachotokea timu inapojifungia golini. Beki anabutua mpira mbele, lakini mbele hakuna mwenzake wa kuupokea. Mpira unarudi mara moja. Ukirudi unaleta krosi, krosi inaleta kona, na kona inaleta bao. Beki hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Golikipa naye anazibwa macho na wenzake mwenyewe. Lakini ukimwacha mshambuliaji mmoja mwenye mbio karibu na mstari wa kati, mwenzako analazimika kubakiza mabeki wawili wa kumchunga. Ukiwaacha wawili, atabakiza watatu. Kwa hiyo wanaokuja golini kwako wamepungua. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Ugonjwa huu si wa Mwanza peke yake. Januari 2024, katika fainali za Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, Simon Msuva aliifungia Taifa Stars dakika ya 11 dhidi ya Zambia. Zambia ikabaki na watu kumi kabla ya mapumziko. Pamoja na hayo, Zambia ilisawazisha dakika ya 88 na mchezo ukaisha 1-1. Tukumbuke pia kuwa mwaka 1979 Taifa Stars iliifunga Zambia hiyo hiyo 1-0 hapa nyumbani, kisha ikaenda Ndola ikapata sare ya 1-1 kwa bao la Peter Tino, na ndivyo ilivyokwenda Lagos mwaka 1980. Kulinda ugenini na bado kupata bao inawezekana, na Watanzania walikwisha kufanya hivyo.

Upande wa pili wa ugonjwa ni kushambulia bila kutazama nyuma. Mwaka 1979 Simba ilifungwa na Mufulira Wanderers 4-0 Dar es Salaam, kisha ikaifunga timu hiyo 5-0 kule Lusaka. Mwaka 1993, katika fainali ya Kombe la CAF, Simba ilitoka sare ya 0-0 na Stella Abidjan, lakini ikafungwa 2-0 nyumbani mbele ya mashabiki wake. Mara zote mbili kilio kilikuwa nyumbani, mahali ambapo kila mtu anataka mabao ya haraka.

Hata huku Mwanza wazee wanapotusimulia habari za Pamba, husimulia mabao 12-1 iliyoifunga Anse-aux-Pins ya Shelisheli mwaka 1990. Nadra kumsikia mtu akiwasifu mabeki wa timu hiyo, ingawa mwaka huo huo Pamba ilitwaa ubingwa wa Muungano, na ubingwa hauchukuliwi na washambuliaji peke yao.

Chanzo cha yote haya tunakiona kila jioni kwenye viwanja vya vijiji vyetu kandokando ya ziwa. Watoto wanacheza chandimu, wote wanaufuata mpira. Asiyejua kucheza ndiye anayewekwa golini, na mnene ndiye anayefanywa beki. Anayefunga anabebwa juu. Aliyeokoa bao hakuna anayemjua. Mtoto huyo akikua na kuvaa jezi ya timu ya mkoa, kukaba bado anakuona kuwa ni adhabu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, sisi walimu tunaoandaa timu za UMITASHUMTA tuwazungushe watoto katika nafasi zote. Anayecheza mbele leo, kesho acheze beki. Tuwazoeze kwamba mpira ukipotea kila mmoja ana mtu wa kumchunga, na ukipatikana kila mmoja ana mahali pa kukimbilia. Mafunzo hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji filimbi, uwanja na subira. Uholanzi ya mwaka 1974, iliyosifiwa dunia nzima ingawa ilifungwa fainali na Ujerumani Magharibi, ilicheza hivyo: beki akipanda, mwenzake anarudi kuziba nafasi yake.

Pili, viongozi wa timu wawape makocha muda. Pamba Jiji ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 20, na kabla msimu haujafika nusu ikawa imekwisha kubadilisha kocha. Kila kocha huja na mfumo wake. Huyu anataka pasi fupi fupi, yule anataka mpira mrefu kwa winga. Mchezaji atashika lipi?

Tatu, sisi mashabiki tupunguze kelele zinazopoteza timu. Tukiwa hatujapata bao tunapiga kelele, "Mbele! Mbele!" Tukilipata tunapiga kelele, "Butua! Toa nje!" Kisha bao likirudi tunawatukana vijana kwa kututii.

Wavuvi wetu wanajua kwamba katika mtumbwi mmoja yupo anayepiga kasia na yupo anayechota maji yanayoingia. Wote wakipiga kasia mtumbwi utajaa maji, na wote wakichota maji hautafika. Timu zetu nazo zigawane kazi hivyo hivyo kwa dakika zote 90, si kwa zamu.



Mwalimu Mpenda Kandanda,
Magu, Mwanza.