Cheo na Utu (2): Mtumwa Aliyerudi na Barua

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba Ukristo haukuanza kwa kuyakana mamlaka. Mpaka wa mamlaka hayo ndio tunaoutafuta sasa, na shahidi wetu ni waraka mfupi kuliko nyaraka zote za Paulo, ule aliomwandikia Filemoni akiwa kifungoni. Filemoni ni mtu wa uwezo. Kanisa hukusanyika nyumbani kwake, na nyumbani humohumo anamiliki mtumwa, Onesimo, ambaye kwa maoni ya wafasiri wengi alikuwa ametoroka. Sheria ya Kirumi ilimruhusu bwana kumpiga mtoro au kumchoma alama usoni. Paulo anamrudisha Onesimo, lakini anataka apokelewe kama ndugu mpendwa, tena vilevile ambavyo Paulo mwenyewe angepokelewa. Na kama kuna deni, lihesabiwe juu yake. Haya anayaomba, ingawa anakumbusha kwamba kwa mamlaka yake angeweza kuamuru. Mwenye cheo anajizuia kukitumia, na asiye nacho anavishwa heshima ya mtume.

Mpinzani atauliza: mbona basi hakuamuru Onesimo aachwe huru? Swali ni la haki, na kulikwepa kumeliaibisha kanisa. Katika karne ya 19 watetezi wa utumwa kusini mwa Marekani waliushika waraka huuhuu kuhalalisha kurudishwa kwa watoro. Walisoma nusu yake. Walishika kurudishwa, wakayaacha masharti ya kupokelewa, na masharti hayo ndiyo yanayouvunja utumwa kutoka ndani, kwani huwezi kumkaribisha mtu kama mtume kisha ukamnadi. Si tafsiri ya kisasa hiyo. Katika karne ya 4 askofu Gregori wa Nisa, akikifafanua kitabu cha Mhubiri, alihoji ni bei gani itoshayo kumnunua aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Hoja ilikuwapo, utii ndio uliokosekana. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa palepale, miaka zaidi ya 1,400 baada ya Gregori.

Tusiwacheke wa kale. Yakobo alilikemea kusanyiko lililompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame kando. Katika harambee zetu viti vya mbele huachwa wazi, na ibada husogezwa mbele hadi msafara wa mgeni rasmi ufike. Wahusika hujitetea kwamba Petro ameagiza mfalme aheshimiwe. Ni kweli, ila aya hiyohiyo inaanza kwa kuagiza watu wote waheshimiwe, wala haijataja kiti. Kiongozi anastahili kutiiwa katika kazi ya ofisi yake. Mbele ya madhabahu ofisi hiyo haimwongezei kitu, na kanisa linalomngoja mheshimiwa huku wajane wamekaa juani limekosea. Warumi 13, inayonukuliwa kuliko zote katika mjadala huu, tutaisoma katika sehemu ya tatu.